Mchoro wa Pampu Yenu Uko Wapi? Jinsi ya Kuchagua Programu Nafuu ya Kuchora Kontroli za Umeme

Katika majengo mengi ya ghorofa kisiwani Mombasa, maji hayafiki bafuni kwa nguvu ya mfereji peke yake. Maji ya kampuni ya MOWASSCO huja kwa zamu, huingia kwenye tangi la chini, kisha pampu ya umeme huyapandisha hadi tangi la paani. Kati ya stima na pampu kuna kisanduku cha chuma ukutani chenye vitufe, taa na nyaya nyingi ndani yake. Hiyo ndiyo paneli ya kontroli. Siku ikigoma, familia zote za jengo hukosa maji kwa pamoja.

Fundi atakayeitwa siku hiyo ataanza kwa kuuliza mchoro wa paneli hiyo uko wapi. Mara nyingi hakuna. Aliyeifunga alishahama, au mchoro ulibaki kwenye kompyuta ya mtu, ndani ya programu ambayo fundi mwingine hana. Basi fundi mpya hulazimika kufuata waya mmoja baada ya mwingine kwa kipimo, na wakaazi hulipia saa hizo zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa paneli ya umeme, daftari ni mchoro.

Mtaa wa Buxton unaonyesha kwa nini jambo hili linakuwa zito zaidi sasa. Nyumba za zamani za kupanga zimepisha ghorofa za mradi wa Buxton Point, unaotekelezwa na serikali ya kaunti pamoja na mwekezaji wa kibinafsi. Kuanzia Tudor hadi Tononoka, nyumba za chini nazo zinageuka ghorofa. Kadiri watu wanavyoishi juu zaidi, ndivyo pampu, lifti, jenereta na taa za ngazi zinavyotegemea paneli za kontroli. Kazi ya kuzifunga na kuzitunza ipo, na vijana wetu wanaisomea.

Somo hili ni la watu wa aina mbili. Wa kwanza ni fundi wa stima au mwanafunzi anayetaka kuchora kwa kompyuta lakini hana pesa za programu ghali. Wa pili ni mkaazi, mwenye nyumba au mwanakamati wa jengo anayelipia kazi hiyo na anayetaka kujua adai nini.

MCHORO WA KONTROLI NI NINI

Mchoro wa kontroli si ramani ya nyumba. Hauonyeshi taa iko chumba gani wala soketi iko ukuta upi. Unaonyesha mantiki: ni nini lazima kitokee ndipo mota iwake, na ni nini kitakachoizima.

Kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni njia ya nguvu, ile inayopeleka umeme mkubwa kwenye mota. Hapa Kenya, mota ya fezi tatu hutumia volti 415, na ya fezi moja volti 240, kwa mzunguko wa hezi 50. Sehemu ya pili ni njia ya kontroli, yenye umeme mdogo unaoamua kama njia ya nguvu ifungwe au ifunguliwe. Swichi, floti, vitufe na taa za ishara hukaa kwenye njia hii ya pili.

Kiungo kati ya njia hizo mbili ni kontakta. Hii ni swichi inayovutwa na sumaku. Umeme mdogo ukiingia kwenye koili yake, sumaku huvuta na mdomo wa njia ya nguvu hufunga, mota huwaka. Umeme ukikatika kwenye koili, mdomo hufunguka na mota husimama.

Kila kifaa hupewa jina na kila mdomo hupewa namba. Mafundi waliosoma wanazijua namba hizi kwa sababu ni zile zile katika nchi nyingi: koili ya kontakta ni A1 na A2, mdomo msaidizi unaokaa wazi ni 13 na 14, mdomo wa ovalodi unaokaa umefungwa ni 95 na 96, na unaokaa wazi ni 97 na 98. Namba hizo zimechapishwa kwenye vifaa vyenyewe. Mchoro ukizifuata, fundi husoma karatasi na kugusa skrubu ile ile bila kubahatisha.

MFANO: PAMPU YA MATANGI MAWILI

Tuchukue pampu ya jengo la kawaida. Tutaitumia baadaye kupima programu, kwa hivyo ifuate taratibu.

Njia ya nguvu ni fupi: fezi tatu huingia kwenye breka Q1, zikapita kontakta KM1, zikapita ovalodi F2, zikafika kwenye mota M1.

Njia ya kontroli huanza kwenye transfoma inayoshusha umeme hadi volti 24. Ipo sababu ya kushusha: floti zinaning'inia ndani ya maji, na waya wake ukichubuka, volti 24 si hatari kama volti 240. Kutoka kwenye transfoma umeme hupita fyuzi F3, kisha mdomo wa ovalodi 95 na 96. Halafu hupita floti ya tangi la chini, B1, inayofunga tangi likiwa na maji. Hapo hufika kwenye swichi S1 yenye nafasi tatu: Mkono, Zima na Oto. Ukiweka Oto, umeme hupita floti ya tangi la juu, B2, inayofunga tangi likipungua. Ukiweka Mkono, B2 inarukwa. Njia zote mbili huishia kwenye koili ya KM1.

Angalia mahali B1 ilipo: kabla ya S1. Maana yake ni kwamba hata mlinzi akiweka Mkono, pampu haitawaka kama tangi la chini ni tupu. Sasa hamisha B1 uiweke baada ya S1, upande wa Oto peke yake, pamoja na B2. Vifaa ni vile vile, bei ni ile ile, na siku ya kukabidhi kazi paneli itafanya kazi vizuri. Lakini siku ya mgao wa maji, mlinzi akilalamikiwa na wakaazi atazungusha swichi hadi Mkono. Pampu itazunguka bila maji hadi sili yake iungue.

Wengi hudhani ovalodi itaiokoa. Haitaiokoa. Ovalodi hukata pale mota inapovuta umeme kupita kiasi, na pampu isiyo na maji haina mzigo, kwa hivyo huvuta umeme mdogo kuliko kawaida. Ovalodi haioni tatizo lolote.

Kosa hilo ni gumu kulitambua ukichungulia ndani ya paneli yenye nyaya za rangi moja. Kwenye mchoro, linaonekana kwa kutazama mara moja. Hiyo ndiyo faida ya kuchora kabla ya kukata waya, na ndiyo sababu ya kuchagua programu inayofaa kazi hii.

MASWALI SITA KABLA YA KUCHAGUA

Programu za kuchora ni nyingi, na kila moja ina watu wa kuisifu. Badala ya kuuliza ipi ni bora, jiulize maswali haya sita.

1. Je, fundi mwingine ataweza kufungua faili yangu baada ya miaka mitano? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Paneli huishi miaka mingi kuliko laptopu, na mara nyingi kuliko ajira ya aliyeifunga. Programu inayohifadhi faili kwa njia iliyo wazi, na inayopatikana bila malipo, humwezesha yeyote kuendeleza mchoro.

2. Je, ina alama za umeme tayari, na ni alama zipi? Kenya inafuata desturi ya alama za IEC, zilizo katika kiwango cha IEC 60617. Programu nyingine huanza na alama za Marekani. Tofauti si ya urembo. Mdomo unaokaa wazi, kwa alama za Marekani, ni vistari viwili vilivyosimama sambamba. Fundi aliyezoea IEC atadhani ameona kapasita. Chagua alama za IEC na usichanganye.

3. Je, inajua kwamba koili na midomo ni kifaa kimoja? Koili ya KM1 huchorwa ukurasa wa pili na midomo yake ukurasa wa kwanza. Programu ya umeme hukumbuka uhusiano huo na kuandika chini ya koili kwamba mdomo fulani uko ukurasa fulani. Programu ya kuchora ya kawaida huona mistari tu. Ukibadilisha jina upande mmoja, upande wa pili hubaki na jina la zamani.

4. Je, inaweka namba za waya yenyewe? Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula skrubu na kufifisha lebo. Namba ya waya iliyo kwenye mchoro ndiyo itakayobaki pale lebo ya plastiki itakapokatika.

5. Je, inafanya kazi bila intaneti na kwenye kompyuta ya kawaida? Chumba cha pampu mara nyingi kiko chini ya jengo, pasipo na mtandao. Isitoshe, bando hugharimu.

6. Je, gharama ni ya mara moja, ya kila mwaka, au hakuna? Malipo ya kila mwaka yakikatika, kuna programu ambazo hazitakuruhusu kuhariri hata kazi yako mwenyewe.

PROGRAMU ZENYEWE

QElectroTech. Hii ni programu huria chini ya leseni ya GPL, haina malipo, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Imetengenezwa mahsusi kwa michoro ya umeme. Ina maktaba kubwa ya alama tayari, huunganisha koili na midomo yake, huweka namba za waya, na hugawa kazi katika kurasa zenye fremu ya jina la mradi, tarehe na aliyechora. Faili yake huhifadhiwa kwa mfumo wa XML, yaani maandishi ambayo kompyuta yoyote inaweza kuyasoma. Hutoa PDF, picha, na pia DXF kwa wanaotumia programu nyingine za kuchora. Udhaifu wake ni kwamba haikuonyeshi saketi ikifanya kazi. Ni ya kuchora, si ya kujaribia. Maelezo yake mengi pia ni ya Kifaransa na Kiingereza.

CADe SIMU. Programu hii ndogo kutoka Uhispania haina malipo, na ni ya Windows. Ubora wake ni kwamba unachora saketi, kisha unaiwasha hapo hapo kwenye skrini: unabonyeza kitufe kwa kipanya na unaona kontakta ikivuta na mota ikizunguka. Kwa mwanafunzi anayejifunza kuwasha mota kwa sta-delta, hakuna mwalimu mvumilivu kuliko huyu. Lakini faili zake hufunguliwa na programu hiyo peke yake, na michoro yake si kamili vya kutosha kukabidhiwa mteja. Jifunzie humo, kisha uchore kazi ya mteja kwingine.

LibreCAD. Ni programu huria ya kuchora mistari ya pande mbili, haina malipo, na huhifadhi kwa DXF. Ni safi na nyepesi. Hata hivyo haijui umeme: alama utazitengeneza au kuzitafuta mwenyewe, na namba za waya utaziandika moja moja. Inafaa kwa kuchora sura ya paneli, yaani breka ikae wapi na reli ikatwe sentimita ngapi.

draw.io, inayojulikana pia kama diagrams.net. Haina malipo, hufunguka ndani ya kivinjari, na lipo toleo la kusakinisha linalofanya kazi bila intaneti. Ina alama za umeme. Kwa saketi ya ukurasa mmoja, kama swichi ya taa za ngazi, inatosha. Kazi ikifika kurasa tano itakuchosha, kwa sababu haifuatilii koili na midomo.

KiCad. Tunaitaja kwa sababu wengi huipakua kwa makosa. Ni programu huria nzuri sana, lakini ni ya kubuni bodi za elektroniki, zile sahani za kijani zilizo ndani ya redio na simu. Kwa paneli ya pampu, si chombo chake.

AutoCAD na zana zake za umeme. Tangu toleo la 2019, AutoCAD Electrical huja kama sehemu ya AutoCAD. Ina nguvu na inajulikana kwa wakandarasi. Huuzwa kwa malipo ya muda; kwa bei ya Marekani ni takribani dola 2,000 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi laki mbili. Pia hutaka kompyuta yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 8. Wanafunzi na walimu waliothibitishwa hupata leseni ya bure ya mwaka mmoja inayoweza kurudiwa, ila ni ya masomo tu. Hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa.

EPLAN. Ya Ujerumani, na ndiyo inayotumika katika viwanda vikubwa vya kutengeneza mashine na paneli. Bei huulizwa kwa muuzaji, na si ya fundi anayejitegemea. Ukiajiriwa na kampuni inayoitumia, kampuni ndiyo italipa.

Kwa fundi anayefunga paneli za pampu, jenereta na taa katika majengo ya Mombasa, jibu letu ni moja: aanze na QElectroTech kwa kazi za wateja, na awe na CADe SIMU pembeni kwa kujaribia mantiki. Gharama ya programu zote mbili ni sufuri. Pesa zilizookolewa zitanunua kipimo kizuri cha umeme na lebo imara za nyaya, vitu ambavyo mkaazi atanufaika navyo moja kwa moja. Ataihitaji AutoCAD pale mkandarasi mkubwa atakapodai faili za DWG, na wakati huo gharama yake iingizwe kwenye bei ya kazi.

TAHADHARI: PROGRAMU ZA WIZI

Katika mitaa yetu si vigumu kupata mtu wa kukuwekea programu ghali kwa shilingi mia chache, ikiwa imevunjwa kufuli. Fikiria mara mbili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ina mamlaka ya kuifuatilia. Mbali na sheria, faili za kuvunja kufuli ni mlango wa virusi, na laptopu hiyo hiyo ndiyo yenye michoro ya wateja wako wote.

Lipo pia jambo la biashara. Fundi anayetaka zabuni, iwe ya serikali au ya kampuni, hujenga jina kwa miaka mingi. Si busara kulitegemeza jina hilo juu ya programu ambayo hawezi kuonyesha risiti yake, hali zipo programu za bure zinazoitosha kazi.

JARIBIO LA JIONI MOJA

Usichague kwa kusikia. Chukua mfano wetu wa pampu ya matangi mawili, uuchore katika kila programu unayoifikiria, na ufuate hatua hizi.

Hatua ya 1. Weka fremu ya ukurasa wa A4 yenye jina la jengo, tarehe na jina lako.

Hatua ya 2. Chora njia ya nguvu ukurasa wa kwanza: Q1, KM1, F2, M1.

Hatua ya 3. Chora njia ya kontroli ukurasa wa pili, kuanzia transfoma hadi koili ya KM1. Hakikisha B1 iko kabla ya S1.

Hatua ya 4. Ongeza taa ya kijani kupitia mdomo 13 na 14 wa KM1, na taa nyekundu kupitia mdomo 97 na 98 wa ovalodi.

Hatua ya 5. Badilisha jina KM1 liwe KM5 kwenye koili peke yake. Tazama kama midomo ya ukurasa wa kwanza imebadilika yenyewe. Isipobadilika, jua kwamba kazi kubwa itakuletea makosa.

Hatua ya 6. Weka namba za waya, kisha ongeza waya mmoja katikati. Tazama namba zinavyojipanga.

Hatua ya 7. Toa PDF na uichapishe kwa rangi nyeusi peke yake. Kama maandishi hayasomeki kwenye A4, hayatasomeka kwenye chumba cha pampu.

Hatua ya 8. Mpelekee mwenzako faili yenyewe, afungue kwenye kompyuta yake na abadilishe kitu kimoja. Akishindwa, programu hiyo haikufaulu, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Anayeanza asishangae hatua hizi zikimchukua jioni nzima mara ya kwanza. Akishazoea na kuhifadhi mchoro huo kama kiolezo, paneli ya pampu inayofuata itachukua muda mfupi tu, kwa kuwa atabadilisha majina na ukubwa wa vifaa badala ya kuanza upya.

WAKAAZI WADAI NINI

Kamati ya jengo haihitaji kujua kuchora. Inahitaji kudai vitu vinne kabla ya kumaliza malipo ya kazi:

- Mchoro uliochapishwa, ndani ya mfuko wa plastiki, nyuma ya mlango wa paneli.
- PDF iliyotumwa kwa barua pepe ya kamati, si kwa simu ya mtu mmoja anayeweza kuhama.
- Faili asilia inayoweza kuhaririwa, pamoja na jina la programu na toleo lake.
- Orodha ya vifaa: aina ya kontakta, kiwango cha ovalodi kilichowekwa, ukubwa wa breka na fyuzi.

Vitu hivi viandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo. Fundi akijua mapema, ataviingiza kwenye bei. Akiambiwa mwisho, mtagombana.

Na kila paneli inapoguswa, mchoro nao uguswe. Iwapo fundi ameunganisha waya wa muda kuruka floti mbovu, aandike kwa kalamu nyekundu kwenye mchoro wa mlangoni, pamoja na tarehe. Waya wa muda usioandikwa huwa wa kudumu, na anayefuata huamini ulinzi upo kumbe haupo.

Kumbukeni pia kwamba mchoro mzuri si leseni. Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kazi ya kufunga umeme hufanywa na mwenye leseni ya EPRA, na leseni zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Ombeni kuiona leseni na mtazame kama daraja lake linalingana na kazi yenu. Lifti nayo iachiwe wataalamu wa lifti. Somo hili haliwaruhusu wengine kufungua paneli yake.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, naweza kuchora kwa simu?
Unaweza kufungua draw.io kwenye kivinjari cha simu, lakini skrini ni ndogo na vidole hukosea. Simu itumie kwa mambo mawili: kupiga picha za paneli kabla hujagusa waya, na kusoma PDF ukiwa kazini. Zima umeme kabla ya kufungua mlango wa paneli, hata kama unapiga picha tu.

Sina kompyuta. Je, mchoro wa mkono unakubalika?
Ndiyo. Mchoro wa rula kwenye A4, wenye alama za IEC, namba za vifaa na tarehe, ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na mchoro. Upige picha na uutume kwa kamati siku hiyo hiyo.

Jengo letu ni la zamani na halina mchoro wowote. Tuanzie wapi?
Mwombeni fundi mwenye leseni achore paneli ilivyo sasa, siku ambayo hakuna hitilafu. Ni kazi ya utulivu, na bei yake hujadiliwa bila presha. Usiku wa mabomba makavu hamtakuwa na nafasi ya kujadiliana.

Programu ya bure, je, ni salama?
Ipakue kutoka tovuti rasmi ya mradi wenyewe, si kutoka tovuti za kupakia programu mchanganyiko wala kwenye diski ya rafiki. Jina la bure lisikutishe. QElectroTech, LibreCAD na KiCad ni programu huria, maana yake hata maandishi ya ndani ya programu yako wazi kwa yeyote kuyakagua.

Wapi naweza kujifunza?
Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, jirani na Buxton, na kina kozi za uhandisi wa umeme. Kenya Coast National Polytechnic pia hufundisha fani hiyo. Aidha, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka vyuo vya ufundi vya mashinani chini ya serikali za kaunti; anayetafuta mafunzo ya msingi ya stima aulize kwanza katika chuo cha ufundi kilicho karibu na wadi yake. Mkufunzi anayefundisha kontroli anaweza kuanza na programu za bure tulizozitaja bila kusubiri bajeti ya leseni, na mwanafunzi ataendelea kuzitumia baada ya kuhitimu, kwa kuwa hakuna leseni ya masomo itakayokwisha.

Kwa sasa, mkaazi anaweza kufanya jambo moja wiki hii lisilogharimu chochote: amuulize mwenye nyumba, mlinzi au mwenyekiti wa kamati mchoro wa pampu umewekwa wapi. Ukipatikana, upigwe picha na uhifadhiwe. Usipopatikana, hilo liwe ajenda ya mkutano ujao wa jengo.